Swali la lugha: chanjo ya DNA inazuia DNA?

"Shikamoo mwalimu. Kwenye grupu letu la WhatsApp huku Chumbageni kumezuka ubishi. Mmoja kaandika 'chanjo ya DNA', mwingine akamrukia: chanjo ya surua inazuia surua, chanjo ya polio inazuia polio, sasa hiyo ya DNA inazuia DNA? Anasema usanifu ni 'chanjo dhidi ya'. Nani yuko sahihi?" Msomaji, Tanga.

Marahaba mwanangu. Wa kwanza yuko sahihi, na huyo wa pili nifikishie salamu maana nimemngoja siku nyingi. Hii "dhidi ya" imenichosha jamani. Ukifungua redio ni mapambano dhidi ya, kampeni dhidi ya, juzi nimemsikia mtu mzima na akili zake anasema tujikinge dhidi ya mvua. Mvua! Si ujikinge na mvua tu yaishe? Neno lenyewe ni la Kiarabu, halina kosa, liacheni kwenye Coastal Union dhidi ya African Sports na mahakamani kwenye Jamhuri dhidi ya fulani, huko ndo kwao.

Jamaa yako anadhani "ya" ina kazi moja. Haya, aende duka lolote Ngamiani aagize dawa ya meno, muuzaji atamuuliza kama anataka kuyaua meno? Alafu aagize dawa ya mbu, hiyo kweli inaua. Dawa ya kikohozi inatibu kikohozi, dawa ya mitishamba haitibu majani wala haiyaui, imetokana nayo, dawa ya kunywa inanyweka, na dawa ya watoto sijui kwa sheria yake inawafanya nini watoto, Mungu apishe mbali. "Ya" ni ile ile na hakuna bibi Tanga nzima aliyewahi kuchanganyikiwa akapigia mswaki dawa ya mbu.

Sasa chanjo ya DNA iko kundi moja na mitishamba, "ya" inasema imetengenezwa kwa nini. Najua huku kwetu ukitaja DNA watu wanawaza kesi ya mtoto, ila hapa ni hivi: wataalamu wanachukua DNA ya duara inayoitwa plasmidi, wanapachika jeni ya kirusi, yaani maelekezo ya kutengeneza protini yake, sio kirusi kizima, wanakuchoma. Ikiingia ndani ya seli mpaka kwenye kiini, seli inanakili yale maelekezo, nakala yenyewe inaitwa mRNA, mRNA inatoka nje ya kiini, inatengenezwa protini ya kirusi, kinga ya mwili ikiiona inashtuka inaanza kutoa antibodi na kuandaa seli T, kwahiyo kirusi chenyewe kikija siku hiyo kinakuta watu wako macho. Na wale wa "inabadilisha DNA yako" watulie, plasmidi inakaa pembeni, haikuwekwa ijiunge na kromosomu zako.

Uzuri wake haitaki baridi kali kama baadhi ya chanjo za mRNA, na kwa joto letu hili na umeme wetu huu hilo sio jambo dogo. Ubaya, kuifikisha mpaka kwenye kiini ni kazi, ndo maana panya walikingika vizuri kwenye majaribio miaka ya 90 ila kwa binadamu kinga ikawa inatoka dhaifu. Farasi walitutangulia, Marekani waliidhinisha yao ya kirusi cha West Nile mwaka 2005, sisi watu tukasubiri mpaka 2021 India waliporuhusu kwa dharura ZyCoV-D ya Uviko-19, dozi tatu, tena bila sindano, inasukumwa kwa presha mpaka ndani ya ngozi. Chanjo limetoka kwenye kuchanja, na hii haichanji, na bado ni chanjo.

Hiyo ya India ukiitaja kikamilifu ni "chanjo ya DNA ya Uviko-19". "Ya" mbili zimefuatana, ya kwanza imetaja malighafi, ya pili imetaja adui, na umeelewa bila kukuna kichwa. Ile RTS,S iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo nayo ni chanjo ya protini ya malaria.

Jamaa yako akizidi kubisha mruhusu aandike "chanjo iliyotengenezwa kwa DNA", ni ndefu ila haina dhambi. "Dhidi ya" nitawavumilia watu wa redio peke yao, wale wana dakika za kujaza.