Kukadiria maji ya mto wa msimu: hesabu kwanza siku ambazo mto haukutiririka

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya makadirio ya maji kwa kikundi cha wakulima wa mboga waliotaka kufunga pampu kando ya mto Simiyu, wilayani Magu, si mbali na mahali mto huo unapoingia Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Nilichukua wastani wa mtiririko wa Agosti kwa miaka yote niliyokuwa na takwimu zake, nikaupunguza kidogo kwa tahadhari, nikawaambia kwamba maji yatatosha. Walikopa, wakafunga pampu. Agosti ilipofika, bomba lao la kufyonzea lilikuwa limelala juu ya mchanga mkavu, na akina mama walikuwa wakichimba vishimo humo humo mtoni ili wapate maji ya kunywa.

Kujumlisha na kugawanya nilikuwa nimekufanya sawasawa. Wastani hukufaa katika mto wa kudumu kama Kagera, lakini katika mto wa msimu mvua moja kubwa iliyonyesha nje ya wakati wake huweza kuupandisha wastani wa mwezi huo kwa miaka mingi. Tuchukulie Agosti kumi, tisa zikiwa kavu kabisa na moja ikiwa na mita za ujazo 5 kwa sekunde: wastani wake ni 0.5, yaani lita 500 kwa sekunde, kiasi ambacho hakikupita mtoni katika mwaka hata mmoja kati ya hiyo kumi.

Nililirudia daftari la msoma vipimo. Ukurasa mmoja wa Agosti ulikuwa na sifuri katika siku 11 za mwanzo, kisha vistari kwa siku 9, kisha nafasi tupu hadi mwisho wa mwezi. Mzee aliyekuwa akiusoma ubao wa sentimita uliosimikwa mtoni kupimia kina cha maji alinieleza, kwa subira kubwa, kwamba sifuri aliiandika maji yalipoteremka hadi chini ya alama ya kwanza, kistari alikiandika mto ulipokauka, na nafasi tupu ni siku alizokuwa kitandani kwa malaria. Programu yangu ilikuwa imeviruka vistari vyote kana kwamba ni siku zisizo na takwimu, kwa hiyo ule wastani ulikuwa wa siku zenye maji peke yake. Kabla ya kufungua kompyuta, mtafute aliyeandika daftari umuulize kila alama aliitumia kwa maana gani.

Ubao nao huweza kukudanganya. Ukiwa umesimikwa kwenye kidimbwi, utasoma hata sentimita 30 ilhali maji yametuama na hayaendi popote. Nenda mwenyewe mwishoni mwa kiangazi, uandike ubao unasoma ngapi wakati maji yanapokoma kutiririka, na urudie kila mwaka, kwa sababu mafuriko ya masika huuhamisha mchanga na namba hiyo hubadilika. Mto ukiwa unatiririka, chungwa lililotupwa majini linatosha kukupa makadirio ya awali, kwa kuwa huzama karibu lote na upepo wa ziwani haulisukumi sana. Likienda mita 20 kwa sekunde 40, kasi ya juu ni mita 0.5 kwa sekunde. Zidisha kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko wastani wa mto mzima, kisha kwa upana wa mita 6 na kina cha wastani cha mita 0.4, upate takriban mita moja ya ujazo kwa sekunde.

Mto usio na takwimu hukadiriwa kwa kuazima za mto jirani na kuzirekebisha kwa ukubwa wa vidakio, yaani maeneo ambayo mvua yake huishia katika kila mto. Njia hii ninaikubali pale tu mito yote miwili inapolishwa kwa namna moja. Mto Mara huendelea kupata maji wakati wa kiangazi kutoka nyanda za juu za Mau, nchini Kenya, wakati Simiyu hukusanya maji yake kwenye tambarare kavu za upande wa Serengeti. Ukiipa Simiyu takwimu za Mara, umeipa na Mau isiyokuwa nayo.

Siku hizi wakulima siwapi tena namba moja. Ninawapa jedwali la miezi kumi na miwili, na mbele ya kila mwezi ninaandika ni miaka mingapi kati ya iliyopimwa mto ulitiririka mwezi mzima, ni miaka mingapi ulikatika, na siku nyingi zaidi ulizowahi kukaa mkavu mfululizo. Kikundi kile cha Magu kilipopata jedwali lake, kilihamisha msimu wa nyanya hadi baada ya masika.