Mtoto wa wiki tatu anaweza kupozwa mwili ili ubongo upone?

Swali: Daktari, mwanangu hakulia alipozaliwa. Alisaidiwa kupumua, akalazwa nasari. Sasa ana wiki tatu na anatumia dawa ya degedege. Jirani anasema watoto kama hawa hupozwa mwili, na amenipa namba ya mtu hapa Kayole anayefanya hivyo kwa taulo za maji baridi. Nimpeleke? – Mama, Nairobi

Jibu: Usimpeleke, mama. Kama umeshaanza kumfunga taulo hizo, mkaushe sasa hivi, mvalishe kofia na umweke kifuani, ngozi kwa ngozi.

Naulizwa hili kila mara, na kinachoniudhi ni imani kwamba baridi yenyewe ni dawa. Mtoto akikosa oksijeni, kuna seli za ubongo zinazokufa palepale, na hizo hazirudi. Nyingine hujikongoja kwa saa kadhaa, halafu nguvu zinaziishia, ubongo unavimba na degedege linaanza. Tunaokoa hizo za pili tu. Ndiyo maana tiba ya kupoza mwili hospitalini huanza ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa, kwa mtoto aliyekaribia au kutimiza miezi yake tumboni ambaye ubongo umeathirika kwa kiwango cha kati au kikubwa. Joto hushushwa hadi nyuzi 33 au 34 kwa saa 72, kipimo kikiwa ndani ya mwili muda wote, huku sukari, mapigo ya moyo na kuganda kwa damu vikifuatiliwa. Kisha anapashwa taratibu, nusu nyuzi kwa saa. Kumpasha haraka kunaweza kuleta degedege.

Hata kwa vifaa hivyo si lelemama. Utafiti wa HELIX, uliochapishwa 2021, ulifanyika katika hospitali kubwa za India, Sri Lanka na Bangladesh. Waliopozwa walikufa asilimia 42, wasiopozwa asilimia 31. Sasa mtu wa beseni na taulo, asiye hata na kipimajoto, anakuahidi nini?

Kwa wiki tatu alizo nazo, baridi itamshushia sukari na kumsumbua pumzi, basi. Mpeleke kliniki ya watoto apimwe mzunguko wa kichwa na aanze tiba ya viungo mapema. Mwambie daktari ukiona anapaliwa akinyonya, anafumbata dole gumba ndani ya ngumi wakati wote, au anatafunatafuna mdomo na kupiga miguu kama anayeendesha baiskeli. Hilo la mwisho huenda ni degedege. Lirekodi kwa simu.

Na wengine mnaosoma, matapeli hawa hubadilisha bidhaa tu. Akiona baridi haiuziki, atakuja na sindano za kurudisha seli, au mafuta ya kuchua utosi. Mwombe namba yake ya usajili kwenye baraza la madaktari. Muulize pia atafanya nini mtoto akiacha kupumua mkononi mwake. Na yeyote atakayekwambia uache dawa ya degedege ili yake ifanye kazi, chukua mtoto wako uondoke: dawa hiyo ikikatwa ghafla, degedege linaweza kurudi lisikome.