Gari linachemka Kangemi: ninunue injini nyingine?

SWALI: Habari fundi. Nina Toyota Corolla NZE 121 ya mwaka 2004, injini ya 1NZ, gia otomatiki. Jioni nikirudi nyumbani Kikuyu, msongamano ukinikamata Kangemi mshale wa joto unapanda. Nikishapita Uthiru na gari likaanza kutembea, unashuka. Kila wiki naongeza maji ya bomba kama lita moja. Fundi wangu alitoa themostati, akasema hizo ni za nchi za baridi. Haikusaidia, na sasa anasema injini imekwisha, nitafute nyingine ya mtumba kutoka Japani. Je, ni kweli? Na nikifika Kirinyaga Road nitajuaje kwamba spea ninayouziwa si feki? – Msomaji, Kikuyu

JIBU: Ndugu msomaji, weka hela zako mfukoni kwanza. Katika yote uliyoeleza, hakuna linaloonyesha kwamba injini imekufa. Joto linalopanda gari likiwa limesimama na kushuka likitembea ni shida ya hewa: upepo wa mwendo unaifanya kazi ambayo feni imeshindwa kuifanya. Injini iliyochoka, au rejeta iliyoziba, kwa kawaida hulalamika unapopanda mlima kwa kasi, si unaposimama nyuma ya matatu. Ile lita moja ya kila wiki ni kesi ya pili, na kutolewa kwa themostati ni ya tatu. Huenda zote tatu zinasaidiana kukuchemshia gari.

Tuanze na themostati, kwa sababu hilo kosa limeenea mno mjini. Katika 1NZ themostati hukaa upande ambao maji yanaingia kwenye injini, nayo ina vali mbili. Injini ikiwa baridi, vali kubwa hufunga njia ya rejeta na ndogo huacha maji yazunguke ndani kwa ndani. Ikipata moto, kubwa hufunguka na ile ndogo huziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwa hiyo fundi alipunguza upoozaji akidhani anauongeza. Tena asubuhi injini inachelewa kupata moto, kompyuta inaendelea kumwaga petroli ya ziada, na oili inakaa baridi muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Hiyo hoja ya nchi za baridi haina msingi.

Nunua mpya ya nyuzi 82. Kabla ya kuifunga, ijaribu jikoni. Ifunge uzi, ining'inize katika sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto kando yake, kisha washa moto. Inapaswa kuanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Kiwandani hupimwa hadi 95, ambapo vali iwe imesogea angalau milimita 8.5, lakini Nairobi maji ya sufuria huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo usiitupe kwa kuwa haikufika mwisho. Wakati wa kuifunga, kile kipini kidogo kinachochezacheza pembeni kiwe juu kabisa. Ndiko hewa inakotokea, na kikikaa chini utahangaika na hewa iliyonasa wiki nzima.

Hizo nyuzi 94 zina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na kwenu Kikuyu ni karibu 2,000, ambako maji matupu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Injini yenye afya hupita hapo kila siku bila kuchemka, kwa sababu mfumo umefungwa na una presha. Anayeishikilia presha hiyo ni kofia ya rejeta. Kofia iliyoandikwa 1.1, ikiwa nzima, inasogeza kiwango cha kuchemka cha maji matupu hadi karibu nyuzi 118 hapa kwetu, na kulanti (maji maalumu ya rejeta) inaongeza nyuzi kadhaa juu yake. Kofia ikilegea, unarudi kwenye 94. Ndiyo sababu gari linaloshuka Mombasa na kofia mbovu linaweza kuvumilia, lakini likirudi huku juu linatoa mvuke.

Injini ikiwa baridi kabisa, fungua kofia uigeuze. Mpira wa chini uwe laini, usiwe na alama ya kina ya mdomo wa rejeta wala nyufa. Bonyeza springi: ishuke kwa ugumu na irudi yenyewe. Katikati kuna kivali kidogo cha shaba. Kivute kwa kucha, kikiachwa kijifunge. Hicho ndicho hurudisha maji kutoka kwenye chupa ya akiba injini inapopoa. Kikikwama, asubuhi utakuta paipu ya juu ya rejeta imenywea kama imefyonzwa, chupa imejaa na rejeta ina upungufu. Kofia ni kitu cha bei ndogo, badilisha hata ukiwa na shaka tu. Soma namba iliyo juu yake na ununue yenye namba ileile. Usikubali kuambiwa kubwa zaidi ni bora, maana presha ya ziada itatafuta pa kutokea, na kwa gari la mwaka 2004 itapata.

Sasa feni. Washa gari likiwa baridi, bonyeza AC. Feni inapaswa kuzunguka papo hapo au baada ya sekunde chache. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha badilishana rilei yake na nyingine inayofanana nayo kwenye kisanduku cha boneti. Ikiwa bado, chomoa soketi ya mota na uipe umeme wa betri moja kwa moja. Mota inayozunguka baada tu ya kugongwa kidogo imemaliza brashi zake: leo itazunguka, kesho italala, na ndiyo maana gari hukuchemkia siku moja na siku nyingine halichemki.

Ikizunguka, kazi haijaisha. Shika karatasi mbele ya grili: inapaswa kufyonzwa na kubanwa hapo. Ikisukumwa mbele, kuna aliyebadilisha mota na kuunganisha waya kinyume, na feni inapigana na upepo. Angalia pia kama lile sanduku la plastiki linaloizunguka feni lipo. Mafundi wengine hulitoa wakati wa kubadilisha rejeta wasilirudishe, na bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta. Mwisho, chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta. Vumbi, majani na wadudu hujaa hapo pasipoonekana kutoka mbele. Osha kwa maji ya presha ndogo ukielekeza kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya presha kubwa ya kuoshea magari italaza mapezi yote membamba ya rejeta.

Kuhusu maji yanayopotea, tafuta alama kabla ya kutafuta matone. Kulanti ikikauka huacha ukoko wa waridi au mweupe. Tazama mshono kati ya tanki la plastiki na alumini ya rejeta, hasa juu, kwa sababu plastiki ya umri huu hupasuka hapo. Tazama kishimo kidogo chini ya pampu ya maji, upande wa ukanda: ukoko hapo maana yake sili ya pampu imekwisha, na hakuna dawa ila pampu mpya. Kanyaga pia kapeti la upande wa abiria. Likiwa limelowa na lina harufu tamu, ni rejeta ndogo ya hita. Kwa kuwa gari lako ni otomatiki, chomoa kijiti cha oili ya gia. Ikiwa imegeuka rangi ya maziwa ya stroberi, kipoozeo cha gia kilicho ndani ya tanki la rejeta kimetoboka, na hapo usiendeshe tena hata kilomita moja kabla hujabadilisha rejeta na kusafisha gia.

Usipoona uvujaji popote, ndipo tushuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya bloku ya injini na kichwa chake (hedi). Asubuhi, injini baridi, fungua kofia ya rejeta, jaza maji hadi mdomoni na uwashe gari. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyokuwa imenasa. Yakiendelea kutoka bila kukoma, tena kwa mpigo unaofuata mlio wa injini, ni gesi ya silinda inayoingia kwenye maji. Thibitisha kwa kile kifaa chenye maji ya bluu kinachowekwa juu ya mdomo wa rejeta: bluu ikigeuka njano, gasketi imeungua. Kipimo hicho huchukua dakika kumi. Fundi anayekuambia injini imekufa bila kukifanya anakisia tu.

Na hata ikiungua, hiyo ni kazi ya hedi, si ya injini nzima. Hedi ipelekwe kwa watu wa mashine, wapo Industrial Area na Kariobangi Light Industries, wapime unyoofu kwa rula ya chuma. Mpindo ukizidi milimita 0.05 isawazishwe. Boliti ni kumi, hukazwa kutoka katikati kwenda nje: kwanza newtonmita 29, kisha zizungushwe nyuzi 90 (robo mzunguko), kisha nyuzi 90 nyingine. Fundi asiye na toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) asiiguse.

Pima pia kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya kila silinda, na hapa kuna mtego. Kitabu cha 1NZ kinasema psi 213 kwa injini nzuri na 156 kiwango cha chini, lakini hizo ni namba za usawa wa bahari. Hewa ya Nairobi ina karibu asilimia 82 ya presha ya pwani, kwa hiyo injini nzuri itasoma 175 hivi hapa. Wapo waliouziwa injini kwa sababu geji ilisoma 170! Cha kuangalia zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda: isizidi psi 14. Plagi zote nne zitolewe, soketi za injekta zichomolewe, betri iwe na nguvu, na pedali ya mafuta ikanyagwe hadi chini.

Ukishatengeneza, acha maji ya bomba. Ya kisima ndiyo mabaya zaidi, kwani chumvi zake hujenga ukoko ndani ya mirija. Mfumo huu huchukua kati ya lita 5 na 6. Nunua kulanti ya Toyota ya waridi, ambayo tayari imechanganywa na haihitaji maji, au ile nyekundu nzito uchanganye nusu kwa nusu na maji ya betri yaliyosafishwa (si asidi). Jaza polepole, hita ikiwa kwenye joto la mwisho, minya paipu ya juu mara kwa mara, acha injini inguruma hadi feni iwake mara mbili, kisha jazia chupa ya akiba. Angalia tena kesho yake asubuhi.

Sasa Kirinyaga Road. Usiingie dukani ukisema "nataka rejeta ya Corolla", kwa sababu utapewa iliyopo. Piga picha kibati kilicho chini ya boneti: namba ya chesisi inaanza na NZE121 halafu tarakimu saba. Muuzaji makini ataiingiza kwenye katalogi apate namba ya spea. Namba za Toyota ni tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine, na tano za kwanza hutaja aina ya kitu: 16400 ni rejeta, 16401 kofia yake, 16100 pampu ya maji, 11115 gasketi ya hedi, 16363 mota ya feni. Themostati huanza na 90916. Boksi likisema pampu na namba ianze na kitu kingine, lirudishe. Kwa rejeta, hakikisha ina midomo miwili ya paipu za oili ya gia kwenye tanki la chini. Ya gari la gia za mkono itaingia bila shida, na ndipo utakapoanza kujiuliza paipu za gia uzifunge wapi.

Si lazima boksi liandikwe Toyota. Pampu ya Aisin, kwa mfano, inatoka kwa kampuni ambayo huitengenezea Toyota yenyewe, na kwa maoni yangu ndiyo hela iliyotumika vizuri zaidi. Izungushe kwa vidole: iende laini bila kukwaruza, na mhimili usiyumbe. Maandishi yaliyochapwa kwenye chuma chenyewe yafanane na ya boksi, maana boksi hughushiwa kwa urahisi kuliko chuma. Kwa mtumba, mota ya feni na sanduku lake hazina neno, mradi uzijaribu kwa betri palepale kaunta. Pampu, themostati, kofia, paipu na gasketi za mtumba usikubali hata ukipewa bure.

Ikiwa vipimo vyote vitasema kweli injini imekwisha, ya mtumba uikague hivi: fungua kifuniko cha oili utazame kwa tochi, ndani pawe na rangi ya dhahabu au kahawia, si tope jeusi, tia kidole kwenye mdomo wa maji, kikitoka na kutu iache, ulinganishe na yako kama throttle (mlango wa hewa ya injini) inavutwa kwa kebo au kwa mota ya umeme, kwa sababu 1NZ zipo za aina zote mbili na waya haziingiliani. Namba ya injini imo kwenye logibuku yako, hivyo ya mpya lazima iingizwe NTSA, mamlaka inayosajili magari. Duka lisiloweza kukupa risiti yenye namba hiyo pamoja na karatasi za forodha, litoe kwenye orodha yako.