Maswali Yenu: Swala Weusi wa Velavadar

Makala yetu kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Velavadar, mbuga ya nyasi yenye kilomita za mraba 34 hivi katika jimbo la Gujarat, magharibi mwa India, imetuletea maswali mengi. Tunajibu machache.

Swali: Swala weusi (blackbuck) wa Velavadar wana tofauti gani na swala tomi wetu?

Ni jamaa wa karibu, lakini dume aliyekomaa hutambulika mara moja: mgongo mweusi, tumbo jeupe, duara jeupe kuzunguka macho na pembe ndefu zilizojisokota. Majike ni hudhurungi na kwa kawaida hawana pembe. Msimu wa kupandana madume hukusanyika mahali pamoja, kila mmoja akishika kipande chake kidogo cha ardhi alichokitia alama kwa marundo ya kinyesi. Jike anapopita, dume huinua pua juu hadi pembe zikalala mgongoni, akakunja mkia na kutembea kwa madaha, naye jike ndiye anayechagua.

Swali: Je, ni kweli waliwindwa kwa duma?

Ni kweli. Velavadar ilikuwa uwanja wa mawindo wa watawala wa Bhavnagar, ufalme wa zamani wa eneo hilo. Duma aliyefunzwa alibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe, macho yamefunikwa, akafunguliwa karibu na kundi. Duma wa India walipoadimika, watawala hao waliagiza wengine kutoka Afrika. India ilipitisha sheria ya kulinda wanyamapori mwaka 1972, na hifadhi ikaanzishwa mwaka 1976.

Swali: Nani huwawinda sasa?

Mbwa mwitu wa India (wolf, si mbwa mwitu wenye mabaka wa Afrika), hasa wanapopata watoto wa swala waliofichwa nyasini. Fisi miraba nao wapo.

Swali: Niende lini?

Hifadhi hufungwa wakati wa masika ya huko, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Oktoba. Nakushauri uende kati ya Desemba na Februari, ukae hadi jioni, kwani ndipo ndege mbuai wa jamii ya Montagu, waliohamia kutoka Asia ya Kati wakikimbia baridi, wanaposhuka kwa mamia kulala chini kwenye nyasi.

Swali: Kwa nini serikali isipande miti ili wanyama wapate kivuli?

Swali hili linatolewa kwa nia njema, lakini jibu letu ni hapana, na tunalisisitiza. Swala huyu hujilinda kwa kuona mbali na kukimbia, na kichaka humnyima yote mawili. Tandawala mdogo, ndege wa mbuga za nyasi ambaye dume lake huruka juu ya nyasi wakati wa mvua ili kuita jike, naye hana pa kuzaliana nyasi zikitoweka. Gujarat imekwisha kuonja matokeo ya kupanda miti bila kuchagua: mathenge (Prosopis juliflora), mti wa miiba ule ule unaowasumbua wafugaji wa Baringo nchini Kenya, ulipandwa huko kuzuia jangwa la chumvi lisisambae, ukageuka kuvamia malisho. Ni haki kusema kwamba mbwa mwitu na fisi hujificha humo mchana, kwa hiyo haifai kuufyeka wote kwa siku moja. Hata hivyo kazi ya kuung'oa ndani ya mbuga inapaswa kufanywa kabla maganda hayajakomaa, kwa kuwa swala wenyewe huyala na kuzisambaza mbegu zake kwa kinyesi.