Dhoruba ya jua ikija, floti yangu itapotea?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni wakala wa pesa kwa simu hapa Tanga. Juzi shangazi katuma meseji kwenye grupu la familia eti kuanzia saa sita na nusu usiku mpaka saa tisa na nusu dunia inapitiwa na mionzi mikali toka angani, tuzime simu na tusilale nazo. Nikazima kweli. Asubuhi nawasha nakuta wateja wamenitafuta weee mpaka wamehamia kwa jirani. Hii dhoruba ya jua ipo au ni uzushi? Na ikija floti yangu, ile pesa ya kazi iliyo kwenye simu, si itapotea?

JIBU: Marahaba, na pole kwa wateja. Hiyo meseji ni kongwe, kila baada ya muda inavalishwa nguo mpya inarudi, na ukiiangalia vizuri haina hata tarehe, ni "leo usiku" tu, kwa hiyo kila siku ni leo.

Ila dhoruba yenyewe ipo, tena usiichukulie poa. Jua huwa linalipuka, linatema wingu kubwa la chembe zenye sumaku, na likielekea kwetu linafika ndani ya siku moja mpaka tatu, likiwa na mbio sana hata saa 17 au 18. Likifika linaitikisa sumaku ya dunia. Sasa unaikumbuka dinamo ya baiskeli? Sumaku inazunguka karibu na waya, taa inawaka. Ndiyo hiyo hiyo, isipokuwa hapa sumaku ni dunia nzima na waya ni ile mirefu ya umeme ya mamia ya kilomita. Simu yako ina urefu wa kiganja, haipati kitu hapo, iwe imezimwa au imewashwa.

Mwaka 1859 kulikuwa hakuna umeme majumbani, kulikuwa na nyaya za telegrafu tu. Tarehe 1 Septemba Muingereza mmoja, Richard Carrington, alikuwa anachora madoa ya jua akaona mwanga mkali ukichomoza juu ya madoa yale, na kabla saa 24 hazijapita mitambo ya telegrafu ikaanza kutoa cheche. Kule Marekani jamaa wawili, mmoja Boston mwingine Portland, walikubaliana wachomoe betri zao kabisa, wakaendelea kupashana habari kama saa mbili hivi kwa umeme wa angani tu, na laini ikawa safi kuliko ilivyokuwa na betri!

Karibu zaidi ni Quebec, Canada, usiku wa 13 Machi 1989. Ile sehemu imekaa juu ya mwamba mgumu usiopitisha umeme vizuri, kwa hiyo ule umeme wa dhoruba ukaona njia rahisi ni nyaya kubwa zinazoshuka toka mabwawa ya kaskazini. Vifaa vya kutuliza nguvu ya umeme kwenye gridi vikajizima kimoja baada ya kingine, na ndani ya sekunde 90 gridi yote chini. Watu milioni 6 gizani, wengi kwa saa 9, na huko Machi bado ni barafu.

Sasa floti yako. Haikai kwenye simu, imeandikwa kwenye kompyuta za kampuni, simu ni dirisha la kuchungulia tu. Kwa hiyo haipotei. Shida ni kuifikia. Umeme ukienda nchi nzima, minara inaishi kwa betri, halafu jenereta, halafu mafuta yakiisha basi, na mteja anayetaka kununua umeme wa luku kwa simu anakwama kwa sababu umeme wenyewe ndio hakuna. Sisi wa karibu na ikweta hatari ya nyaya ni ndogo kuliko ya kina Canada, lakini siyo sifuri. Mimi nisingekaa na kila kitu kwenye floti, weka keshi ya siku mbili tatu pembeni.

SWALI: Mei 2024 dhoruba kubwa ilipiga na wikiendi ileile intaneti ikafa huku Dar. Msitufiche.

JIBU: Hakuna anayekuficha kaka. Dhoruba ilianza Ijumaa tarehe 10, mikongo ya baharini miwili inayotuletea intaneti, EASSy na Seacom, ikakatika Jumapili tarehe 12 huko kusini karibu na Afrika Kusini. Ule ulikuwa mkongo kukatika, jua halikuhusika. Kilichotokana na dhoruba ni wakulima wa Marekani, walikuwa katikati ya kupanda na matrekta yao yanayojiendesha kwa GPS yakaanza kupinda mistari, wengine wakazima wakasubiri. Mkongo wenyewe ni kioo, mwanga ndani haujali sumaku, ila njiani kuna vifaa vya kuongeza nguvu vinavyolishwa umeme kwa waya wa shaba, na hapo ndipo wataalamu wanapoweka macho.

SWALI: Mimi mvuvi wa Pemba, GPS ndiyo inanirudisha nyumbani usiku. Niache?

JIBU: Usiache, ila usiitegemee peke yake. Ishara ya setilaiti inapita kwenye tabaka la juu la hewa lenye chaji, na kwetu ikweta tabaka hilo hata siku za kawaida linachafuka jua likishazama, sembuse siku ya dhoruba. Mashine inaweza kukuonyesha sehemu siyo, au ikapotea kabisa kwa muda, na wewe unatafuta mlango wa mwamba gizani! Dira haina tatizo, huku kwetu haiyumbi kiasi cha kukupoteza. Na zile alama za wazee, mnazi ule na mnara ule, mfundishe kijana wako mchana.

SWALI: Paneli zangu za sola juu ya bati zitaungua?

JIBU: Hapana. Ogopa mawe ya watoto wanaoangua maembe.