Sauti kwenye tovuti ya biashara: nilikosea mara mbili kabla ya kumpa fundi simu

Dar es Salaam kuna spika moja kila mtu anaijua. Imefungwa kwenye baiskeli au imewekwa juu ya kimeza kando ya barabara, na tangu asubuhi inarudia maneno yale yale: dawa ya panya, dawa ya mende, kunguni, viroboto. Muuzaji mwenyewe kakaa pembeni anachati. Mwaka 2017 niliigeuza tovuti ya karakana yetu kuwa spika hiyo. Nayaandika haya kwa sababu wenzangu wenye biashara ndogo huniuliza kama waweke sauti kwenye tovuti zao. Wekeni, ila nisikilizeni kwanza.

Sisi tunatengeneza fanicha Keko: vitanda, makabati, meza za kulia. Enzi hizo ukifungua ukurasa wetu wa mwanzo, sauti ilianza yenyewe. Alikuwa shemeji yangu, MC wa harusi, akiwakaribisha "wateja wetu wapendwa" huku kinanda kinalia nyuma yake. Dakika tatu na ushee. Mama mmoja akaufungua akiwa ofisini, kompyuta ina spika, bosi wake kasimama mlangoni. Akatafuta pa kuizimia sauti asipaone, maana sikupaweka, mwishowe akachomoa waya ukutani. Jioni akanipigia. "Kaka, mimi nilikuwa nataka kitanda tu."

Leo ni vigumu kukosea hivyo hata ukikusudia. Tangu Aprili 2018 kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta huzuia sauti nyingi zinazojianzisha zenyewe, na kwenye simu kizuizi hicho kilikuwapo tangu zamani. Wapo mafundi wa tovuti watakaokuambia wanajua ujanja wa kukipita. Usiwape hela yako.

Kosa la pili lilikuwa la kistaarabu zaidi. Niliondoa kujianzisha, nikaweka kitufe cha kusikiliza, lakini maneno yakabaki yale yale ya shemeji. Watu walibonyeza, wakasikiliza salamu, wakaondoka. Sikuwalaumu. Mtu ametumia bando lake kuja kuangalia kabati, wewe unamsimulia kampuni ilianza lini.

Kilichonifungua macho ni daftari la mezani. Kwa wiki mbili niliandika kila swali ambalo mteja aliuliza kwa simu baada ya kuona picha zetu. Karibu yote yalikuwa matatu: Huo ni mninga kweli? Bei ya mwisho ngapi? Mnaleta mpaka mkoani? Kumbe hapo ndipo sauti ilipotakiwa. Picha inaonyesha umbo na rangi, lakini haiwezi kumwondolea mtu wasiwasi, na huku kwetu wasiwasi wa mbao ni wa haki kabisa, kwa sababu paini iliyopakwa rangi ya mninga imeshawaliza wengi.

Basi nikamwendea mzee wetu, fundi mkuu, mtu wa Tanga, nikampa karatasi yenye maelezo. Akaisoma kama mtuhumiwa anayesomewa mashtaka. Nikaikunja ile karatasi, nikawasha simu, nikamuuliza tu: "Mzee, mteja anasema huu si mninga, ni paini. Unamjibuje?" Hapo ndipo alipoanza kuongea. "Mwanangu, mwambie avute droo, aigeuze, atazame kwa chini kule ambako hatujapaka kitu. Rangi ya mbao yenyewe iko kule. Halafu agonge." Akagonga ubao wa mninga, ukalia mzito. Akagonga wa paini, ukalia mwepesi kama debe. Swali langu nikalikata, jibu lake nikaliacha lilivyo, pamoja na kikohozi kidogo katikati. Sekunde 40.

Sauti hiyo ipo mpaka leo chini ya picha ya kila kitanda cha mninga, na kitufe chake kimeandikwa: "Sikiliza fundi anavyoutambua mninga (sekunde 40)". Urefu uandike, tafadhali. Mtu aliye kwenye daladala huamua kwa hiyo namba kama atafute earphone au asubiri afike.

Swali la usafirishaji nalo nililijibu kwa sauti, kifupi tu. La bei ya mwisho nilijaribu, nikaliondoa baada ya siku chache. Bei ya mwisho si taarifa, ni mazungumzo ya watu wawili, na sauti iliyorekodiwa haiwezi kusema "haya, ongeza kidogo". Isitoshe mbao zilipanda bei tukabaki na sauti inayotangaza bei ya zamani, na mteja mmoja akaja kuidai. Bei iandikwe, kwa sababu maandishi unayabadilisha kwa dakika moja.

Kuhusu kurekodi, usinunue maikrofoni mwanzoni. Simu inatosha, shida ni mahali. Keko mchana kuna misumeno, randa, bodaboda na jogoo ambaye sijawahi kumwona. Sisi tulirekodi chumba cha stoo, kati ya magodoro yaliyosimamishwa ukutani, kwa sababu godoro hunyonya mwangwi. Nyumbani kabati la nguo lililo wazi linafanya kazi hiyo hiyo. Simu iwe upande wa mdomo, si mbele yake, la sivyo kila "p" itapiga kama kofi. Na mvua ikianza kwenye bati, lala, utarekodi kesho. Sauti moja tu ya nje niliiacha makusudi: mwishoni mwa maelezo ya mzee inasikika randa ikipita kwenye ubao. Ile ni ushahidi kwamba fanicha inatengenezwa hapa na haikuja kwenye kontena.

Sasa kosa ambalo nadhani wengi wanalifanya bila kujua. Tulirekodi kwa WhatsApp kwa sababu ndiyo tuliyoizoea, nikalipandisha lile faili lilivyo. Kwangu lilicheza vizuri. Wateja wa iPhone wakawa wanaona kitufe kisichosema kitu, kwa sababu WhatsApp huhifadhi sauti kwa mfumo wa Opus, na iPhone nyingi za zamani hazikuweza kuucheza kwenye kivinjari. Geuza faili liwe MP3. Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure na inaifanya kazi hiyo: chagua mono (njia moja ya sauti badala ya mbili), kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, inatosha sana kwa maneno ya mtu. Zile sekunde 40 zinakuwa kama kilobaiti 320. Kwa WAV ya stereo, yaani faili la njia mbili lisilobanwa, zingekuwa karibu megabaiti 7, na hizo ni hela ya mteja. Halafu mwambie aliyekutengenezea tovuti aweke mpangilio wa kichezeo uitwao preload uwe none, ili faili lisishuke mpaka mtu abonyeze.

Chini ya kitufe weka maneno yote kwa maandishi. Wapo viziwi, wapo walio msikitini au kwenye kikao, na Google nayo italiona neno mninga pale. Mimi nilichelewa kufanya hivyo kwa uvivu tu.

Siku hizi watu wanafika karakana wakiuliza, "Yuko wapi yule mzee anayegonga mbao?" Mzee anajifanya hasikii, ila naona ameanza kuvaa shati safi Jumamosi.

Nilitaka pia sauti za wateja wakitusifu. Hapo omba ruhusa kabla ya kupandisha chochote. Sauti ya mtu ni yake, na tangu mwaka 2022 Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Dada mmoja anayeishi Muscat alimnunulia mama yake kitanda kwetu, tukakipeleka Tanga, akatutumia ujumbe wa sauti mtamu kupita tangazo lolote nililowahi kulilipia. Nikamwomba tuuweke kwenye tovuti. Akacheka sana, akakataa.

"Kaka, ndugu zangu wote wanaijua sauti yangu. Wakinisikia tu, kila mmoja atataka kitanda."