Kabla hujazaa, niambie nani atakesha

Jumapili iliyopita dada mmoja kanitumia ujumbe mrefu. Ana miaka 29, ana baipola, ule ugonjwa wa akili wa kupanda juu kupita kiasi kisha kuporomoka kwa huzuni, anameza dawa mwaka wa nne sasa, ameolewa, na ukweni wameanza kumwangalia tumbo. Swali lenyewe lilikuwa fupi kuliko salamu zake: "Dada, nizae au niache?" Niliusoma nikiwa jikoni, ugali ukashika chini, maana miaka kumi iliyopita swali hilo lilikuwa langu na sikuwa na wa kumuuliza.

Binti yangu ana miaka sita. Nalitanguliza hilo kwa sababu wapo walionizika nikiwa hai.

Nianze na kosa langu. Mwaka 2016 nilikuwa natumia sodiamu valproeti, dawa ya baipola yangu. Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba dawa ile ina hatari kubwa kwa mimba: karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro ya maumbile, na 3 hadi 4 kati ya 10 hupata shida ya kukua kiakili. Ni kweli tupu, na kliniki hakuna aliyewahi kunidokeza, ingawa pete walikuwa wanaiona kidoleni. Basi nikafanya ujinga. Nikamwaga vidonge vyote chooni siku hiyohiyo, sikumwambia mtu.

Wiki ya tatu usingizi ukakata kabisa. Usiku wa kuamkia Jumamosi mume wangu akapigiwa simu kwa namba yangu, lakini aliyeongea alikuwa mpiga debe wa Ubungo: "Kaka, shemeji yuko hapa stendi, njoo." Alinikuta na gauni la kulalia na kiatu kimoja, nagawa kodi ya nyumba ya miezi sita, noti mojamoja, kwa abiria wa basi la Arusha. (Wawili walirudisha. Mungu awazidishie.)

Mama mkwe alikuja wodini na chupa ya uji. Akakaa kitandani kwangu, akamwambia mwanawe kana kwamba mimi sipo: "Huyu ni wa Mirembe. Usije ukaniletea vichaa ndani ya ukoo." Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, ipo pale Dodoma tangu 1927, na watu wametoka pale wakarudi kulima na kulea wanao, lakini kinywani mwake lile jina ni tusi. Uji niliunywa. Maneno hayajashuka mpaka leo.

Miaka miwili iliyofuata ni foleni, vipimo na kunenepa, nairuka. Daktari mwingine alinihamishia taratibu dawa nyingine, olanzapini, akawa ananipima sukari, akanianzishia vitamini ya foliki asidi kabla hata sijabeba mimba. Akatufanyia hesabu mbele ya mume wangu. Mzazi mmoja akiwa na baipola, watoto kama 10 katika 100 nao huja kuipata. Mama mkwe angewahesabu wale kumi, mimi niliwahesabu tisini. Hesabu iliyonitisha ni ya pili: katika kila wanawake watano wenye ugonjwa kama wangu, kama mmoja huugua vibaya baada ya kujifungua, na mara nyingi ni ndani ya wiki mbili za mwanzo. Yaani ndani ya arobaini.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja tu, jamani, nimewahi kuusema na nausema tena. Acha kujiuliza kama utakuwa mama mzuri. Uliza nani atakesha. Sisi watu wa baipola, usiku mmoja au miwili ya kukosa usingizi inatosha kuwasha moto. Arobaini yetu ni nzuri, unakandwa, unapikiwa uji wa pilipili manga, hugusi sufuria. Lakini mtoto akilia saa tisa usiku nyumba nzima inakuamsha wewe.

Kwetu tulipanga zamu. Mama yangu mzazi saa tatu usiku mpaka saa nane, mume wangu saa nane mpaka alfajiri, mtoto anapewa maziwa niliyokamua jioni, yakiisha ya kopo. Mimi mlango umefungwa. Kwenye friji tulibandika karatasi ya masaa niliyolala: 7, 6, 7, 7, 6. Siku ya tisa ikaandikwa 4. Asubuhi hiyo nilikuwa naongea mbiombio na nataka sebule ipakwe rangi ya chungwa leoleo. Mume wangu alimpigia daktari hata chai haijachemka. Dozi ikapandishwa, sebule ikabaki nyeupe.

Majirani wakasema: "Mama gani huyu, mtoto analia yeye kalala?" Ndiyo, nililala. Nililala kwa bidii. Na wewe unayesoma hapa, lala. Dawa usimwage kama mimi, kaibadilishie kwa daktari kabla ya mimba. Mwanaume anayebaki nje kwenye benchi wakati wewe unaingia kwa daktari, huyo usimzalie, hata kama ametoa mahari kamili. Na kama umeamua kuacha, acha, wala huna deni la maelezo kwa wifi.

Mimi mwenyewe wa pili sizai. Watu wananiuliza lini namletea binti mdogo wake, nami nacheka tu. Mama alifariki 2022. Zamu ya saa tatu mpaka saa nane haina mtu.

Yule dada nilimuuliza hayohayo. Jana kajibu: mumewe ni dereva wa malori, Tunduma mpaka Lubumbashi, akiondoka ni wiki tatu. Nyumbani wako wawili, yeye na mama mkwe, na hawapikiki chungu kimoja.

Nimemwandikia: huyo mama mkwe wako, huwa analala saa ngapi?